MOTOKAA YA UMEME NA SAFARI NDEFU

Mwalimu wa kila darasa amekwisha andika ubaoni maneno matatu ya leo: betri, uniti na kituo. Yasomeni kwa sauti, mara moja, mara mbili. Vema. Sasa tuanze.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali moja: mtu mwenye motokaa inayokwenda kwa umeme, betri ikimwishia katikati ya safari, afanye nini? Wengi hudhani swali hili ni la juzi. Sivyo. Watu wamelijaribu kwa zaidi ya miaka 120, na majibu waliyoyapata yanatufaa sisi leo.

Hapo mwanzo

Twende kwanza Marekani, mwaka 1900. Mwaka huo viwanda vya huko viliunda motokaa 4,192. Kati ya hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Jumlisheni wenyewe katika madaftari yenu, mwone kama hesabu inatimia. Kwa hiyo wakati ule motokaa za umeme zilizidi za petroli.

Nazo zilipendwa kwa sababu njema. Hazikutoa moshi wala kelele. Motokaa ya petroli ilitaka mtu asimame mbele yake, azungushe hendeli kwa nguvu. Na mara nyingine hendeli ilirudi kwa ghafula ikamvunja mkono. Ya umeme hukaa tu, ukavuta mkono wa kuendeshea, ikaenda. Wala haikuwa goigoi. Mwaka 1899, huko Ufaransa, Mbelgiji mmoja aliyeitwa Camille Jenatzy alipita kilomita 100 kwa saa, jambo ambalo hakuna dereva aliyelifanya kabla yake. Motokaa yake ilikuwa ya umeme.

Lakini ilikuwa na kasoro moja. Nyingi za motokaa hizo zilikwenda kiasi cha maili 30 au 40, yaani kilomita 50 au 60 hivi, kisha betri ikaisha. Kuijaza tena kulitaka saa nyingi, kwa kawaida usiku kucha. Kwa mtu wa mjini, aendaye sokoni na kurudi nyumbani, haikuwa taabu. Taabu ilianza pale mji ulipokwisha.

Debe la petroli

Sasa tutazame upande wa petroli. Mwezi wa Agosti 1888, huko Ujerumani, Bibi Bertha Benz alichukua motokaa iliyobuniwa na mumewe, akapakia wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani mafuta yakapungua. Kituo cha petroli hakikuwapo duniani. Bibi yule alifanya nini? Aliingia katika duka la dawa katika mji wa Wiesloch, akanunua mafuta mepesi yaliyotumika kusafishia nguo, akayamimina, akaendelea na safari.

Wasikilizaji, liangalieni jambo hili vizuri. Petroli nayo haikuwa na vituo hapo mwanzo. Lakini petroli ni kitu cha kumiminwa. Hutiwa katika debe, debe likapakiwa juu ya gari la punda au katika gari la moshi, likafika duka la kijijini. Ukikwama, mpita njia anaweza kukugawia lita mbili tatu. Umeme haumiminwi katika debe. Lazima nguzo na waya vifike mahali pale ulipo wewe.

Na waya haukufika. Katika Marekani yenyewe, hata katikati ya miaka ya 1930, ni shamba moja tu katika kila mashamba kumi hivi lililokuwa na umeme. Kwa hiyo motokaa ya umeme ilikuwa kama samaki katika bwawa: ndani ya bwawa anaogelea vizuri, lakini hawezi kutoka.

Mambo mengine yakazidi kuisukuma chini. Mwaka 1912 motokaa ya petroli iliweza kununuliwa kwa dola 650, na hali ya umeme iliuzwa kwa dola 1,750. Mwaka huohuo motokaa za Cadillac zikaanza kuwashwa kwa mota ndogo iliyobuniwa na Charles Kettering, hendeli ikawekwa kando. Basi watu wakaiacha ya umeme. Kampuni ya Detroit Electric, iliyoanza kuziunda mwaka 1907, ilishikilia kazi hiyo hadi 1939, kisha ikafunga.

Hata hivyo, wako waliotafuta dawa. Katika mji wa Hartford, Marekani, kampuni iliyouza umeme wa mji ilifanya mpango na wenye malori ya umeme. Mtu alinunua lori bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Ikiisha, lori liliingia kituoni, betri tupu ikatolewa, iliyojaa ikatiwa, nalo likaondoka. Hakuna kungoja usiku kucha. Mpango huo ulidumu kwa zaidi ya miaka kumi, hadi 1924. Ulikuwa mpango mzuri, ila ulikuwa wa mji ule. Ukitoka nje ya mji, hakuna wa kukubadilishia betri. Shikeni habari hii, tutairudia mwishoni.

Mashindano ya mwaka 1968

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1968 wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani waliamua kulijaribu swali letu kwa vitendo. Chuo kimoja ni MIT, kilicho mashariki, karibu na bahari ya Atlantiki. Cha pili ni Caltech, kilicho magharibi, upande wa bahari ya Pasifiki. Kati yao ni safari ya karibu maili 3,300. Tarehe 26 Agosti kila upande uliondoka kwao na motokaa yake ya umeme, kwenda kwenye chuo cha mwenzake.

Wa Caltech walitumia basi dogo la Volkswagen la mwaka 1958, mali ya mwanafunzi Wally Rippel, lililojazwa betri nzito za risasi. Wa MIT walitumia motokaa ya Chevrolet yenye betri za gharama kubwa, zilizoweza kujazwa upesi.

Lakini kabla ya gari lolote kuondoka, kulifanywa kazi nyingine. Njia nzima iliwekewa vituo vya kujazia betri, zaidi ya 50, kila kimoja mbali na mwenzake kwa kiasi cha maili 60. Bila vituo hivyo mashindano yasingekuwapo.

Walipata mashaka mengi. Betri za MIT zilipokuwa zikijazwa upesi zilipata moto sana, hata wakawa wanazipoza kwa barafu. Mwishowe motokaa yao ilifika Caltech ikiwa inavutwa na gari jingine. Ilifika kwanza kwa saa ya ukutani, lakini waamuzi waliiongezea muda kuwa adhabu ya kuvutwa. Basi lile la Caltech, ingawa lilifika baadaye, likapewa ushindi kwa tofauti ya nusu saa tu. Hesabu ya waamuzi ilikuwa karibu saa 210, yaani karibu siku tisa.

Sasa sikilizeni hesabu nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya Tesla ilifungua vituo vyake sita vya kwanza vya kujaza upesi, katika jimbo la California. Ikaendelea kuvijenga, na mapema mwaka 2014 vituo vikawa vimeungana kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Mwishoni mwa Januari mwaka huo motokaa mbili zilitoka Los Angeles, zikafika New York kwa saa 76 hivi, wakati wa baridi kali. Betri zilikuwa zimekuwa bora sana, ni kweli. Lakini kama vituo visingekuwapo njiani, betri zile bora zingezimika jangwani kama za zamani.

Hesabu ya msafiri

Haya, shikeni kalamu. Tufanye hesabu ambayo kila dereva wa motokaa ya umeme lazima aifanye.

Umeme tunaupima kwa uniti, zilezile tunazonunua kwa matumizi ya nyumbani. Tuseme betri yako inachukua uniti 60, na kila uniti moja inakupeleka kilomita 6. Betri iliyojaa itakupeleka kilomita ngapi? Sita mara sitini: kilomita 360.

Safari yako ni kilomita 500. Huwezi kwenda mpaka betri iishe kabisa, kwa maana akiba haiozi. Utakwenda kilomita 300, ubakiwe na uniti 10. Zimebaki kilomita 200, nazo zinataka uniti 34 hivi. Utazipata wapi?

Ukipata nyumba yenye umeme wa kawaida, plagi ya ukutani itakupa kiasi cha uniti 3 kwa saa. Gawanya 34 kwa 3: utangoja zaidi ya saa 11. Utalala hapo. Ukipata kituo chenye mtambo mkubwa, unaotoa kwa kiasi cha uniti 120 kwa saa, utangoja kama dakika 17. Utakunywa chai, uendelee.

Kuna siri moja. Betri haijazwi kwa mwendo mmoja. Ni kama abiria waingiao katika basi. Wa kwanza hukaa upesi, viti ni vingi. Wa mwisho hutafuta nafasi, hupishana, hukawia. Vivyo hivyo betri ikikaribia kujaa, mtambo hupunguza nguvu ili usiiharibu. Ndiyo maana wasafiri wenye busara huondoka kituoni betri ikifika asilimia 80 hivi, hawangoji ijae.

Na baridi? Betri ya baridi haipendi kupokea umeme upesi, na motokaa hutumia umeme mwingine kuwapasha joto abiria. Januari 2024, katika mji wa Chicago, baridi kali iliwakamata wenye motokaa hizi wakiwa katika foleni ndefu vituoni, na nyingine zikazimika hapohapo.

Na mtambo wa kituo ukiwa umeharibika? Hapa ndipo penye hofu kubwa kuliko zote. Umebakiwa na uniti 10, yaani kilomita 60. Kama kituo kingine kiko kilomita 90 mbele, huwezi kwenda, huwezi kurudi. Tena mitambo mingine ina plagi isiyoingia katika motokaa yako. Waunda motokaa walibishana juu ya plagi miaka mingi; ni mwaka 2023 tu ambapo kampuni kubwa za Marekani zilianza kukubaliana kutumia ya namna moja.

Nchi iliyotengeneza njia kwanza

Iko nchi iliyokwenda mbele: Norway. Mwaka 2024, karibu motokaa tisa katika kila kumi mpya zilizouzwa huko zilikuwa za umeme. Serikali ilipunguza kodi, jambo hilo lilisaidia sana. Lakini pia tangu mwaka 2015 ilitoa fedha ili vituo vya kujaza upesi vijengwe katika barabara kuu, kiasi cha kila kilomita 50. Mwenye kituo hapendi kujenga pasipo motokaa, na mwenye motokaa hapendi kununua pasipo vituo. Kila mmoja akimngoja mwenzake, watangoja milele. Huko serikali iliingia katikati ikalipa.

Na sisi je?

Sasa turudi kwenye habari ya Hartford. Leo katika miji ya Kigali na Nairobi wako waendesha pikipiki za abiria wanaotumia umeme. Betri ikiisha, dereva huingia kituoni, huitoa, hutia iliyojaa, naye huondoka baada ya dakika chache. Ni dawa ileile ya malori ya Hartford ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Na mpaka wake ni uleule: dereva huzunguka mahali penye vituo. Akipewa abiria wa kwenda mbali, lazima ahesabu kwanza kama atarudi.

Ndugu zangu, babu zetu waliosafiri kwa miguu kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji hawakuulizana tu ni nani mwenye miguu yenye nguvu. Waliulizana, maji yako wapi? Tutalala wapi? Umbali wa safari ya siku moja ulipimwa kwa kisima. Historia ya motokaa ya umeme ni hiyohiyo. Mwanzoni haikushindwa mjini, ilishindwa njiani. Nayo imerudi kwa nguvu pale ambapo watu waliitengeneza njia yake.

Basi siku mtu atakapokuja kijijini kwenu kuwasifia gari la umeme au pikipiki ya umeme, msikilizeni kwa heshima, maana ni chombo chema. Kisha mwulizeni: kituo cha kwanza kiko wapi? Cha pili kiko umbali gani? Na kikiharibika, ni nani atakayekuja kukitengeneza, na baada ya siku ngapi?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Bibi Benz aliweza kuendelea na safari yake, ingawa hapakuwa na kituo cha petroli?
2. Mpango wa Hartford ulikuwa na faida gani, na mpaka wake ulikuwa nini?
3. Betri ina uniti 40, na uniti moja inakwenda kilomita 6. Je, utatoka hapa mlipo na kufika makao makuu ya mkoa au kaunti yenu na kurudi bila kujaza? Andikeni hesabu.
4. Kama kijiji chenu kingepewa kituo kimoja tu, mngekiweka wapi, na ni nani angekitunza?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.