Ardhi na Maji katika Dola za Waazteki na Wainka

Waazteki wa Bonde la Mexico na Wainka wa milima ya Andes walikuza dola zao katika karne ya 15 bila zana za chuma wala magari ya magurudumu, na nguvu za dola hizo zilitegemea ardhi iliyotengenezwa kwa mikono.

Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulioanzishwa mwaka 1325 kwa mujibu wa mapokeo yao, ulikuwa kisiwani katika ziwa Texcoco, lenye maji ya chumvi. Sehemu kubwa ya chakula chake ilitoka katika maziwa ya Xochimilco na Chalco, yenye maji baridi ya chemchemi, ambako wakulima walitengeneza chinampa, yaani mashamba membamba yaliyoinuliwa kinamasini kwa kurundika majani na tope, na kingo zake kushikwa na mizizi ya mierebi. Mashamba hayo hayakuelea, ijapokuwa hudaiwa hivyo mara nyingi. Mkulima alichota tope la mfereji, akalitandaza kuwa kitalu na kulikata vipande, kila kipande na mbegu yake, kisha akahamisha miche shambani, hivyo ardhi ilivunwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Hatari kubwa ilikuwa chumvi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1449, Nezahualcoyotl, mtawala wa mji wa Texcoco, alisimamia ujenzi wa tuta la takriban kilomita 16 lililotenga maji ya chumvi na maji baridi. Haishangazi kwamba Tlaloc, mungu wa mvua, aligawana kilele cha hekalu kuu na mungu wa vita.

Wainka walikabili miteremko na baridi. Walijenga matuta ya ngazi yenye kuta za mawe, ambamo kokoto ziliwekwa chini ya udongo ili maji yasituame. Viazi vilianikwa usiku vigande, mchana vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji na kukaushwa juani, vikawa chuño, chakula kinachodumu miaka mingi katika maghala ya serikali. Hesabu za maghala zilitunzwa kwa kipu, yaani kamba zenye mafundo, na kazi zilifanywa kwa mita, zamu ambazo familia zilitumikia dola badala ya kodi ya fedha.

Baada ya kuziteka dola hizo, Wahispania walianza kuyakausha maziwa ya Mexico mwaka 1607, lakini chinampa zingali zinalimwa Xochimilco.