Msaada wa fedha taslimu kwa kaya za wakulima

Msaada wa fedha taslimu ni utaratibu wa kuipa kaya maskini pesa yenyewe, mkononi au kwenye simu, badala ya chakula, mbegu au mafunzo. Katika Afrika Mashariki umeenea kwa njia mbili: ruzuku za serikali, kama Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Tanzania na Inua Jamii ya Kenya, na fedha za mashirika yasiyo ya kiserikali, hasa GiveDirectly, lililoanzia kazi zake magharibi mwa Kenya. Kwa mkulima mdogo, pesa hiyo humpa kwanza uwezo wa kuamua wakati wa mambo: lini apalilie shamba lake, lini auze mahindi, lini mama mjamzito apumzike.

Maisha kabla ya msaada

Uchumi wa mkulima mdogo hufuata mvua. Katika kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Viktoria, mvua ndefu huanza mwezi Machi na mahindi huvunwa katikati ya mwaka. Njaa hubana katika miezi ya kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu na bei ya unga ikiwa juu, na hiyo ndiyo miezi ambayo shamba hudai kazi nyingi. Asiye na akiba hulazimika kwenda kibarua kwenye shamba la mwenzake ili watoto wapate chakula cha jioni, huku magugu yakiyasonga mahindi yake. Akishavuna, huuza upesi ili alipe deni la dukani na karo, wakati kila mtu anauza na bei imeshuka. Miezi michache baadaye hununua mahindi kwa bei ya juu kuliko aliyouzia. Mtu aweza kuzunguka hivi miaka mingi, akifanya kazi kwa bidii, bila kupiga hatua.

Chimbuko

Mfano uliowavuta wengi ni wa Mexico, ambako mpango wa Progresa ulianza mwaka 1997 kwa kuwalipa akina mama wa vijijini kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Brazil ilifuata na Bolsa Família mwaka 2003. Kenya ilianza majaribio ya kusaidia kaya zinazolea yatima mwaka 2004, kisha ukaja mpango wa kukabili njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Tanzania, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulioanzishwa mwaka 2000, ilifanya majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha mwaka 2010, na mwaka 2012 ikazindua mpango wa kitaifa uliokuja kufikia kaya zaidi ya milioni moja. Walengwa hupata ruzuku ya msingi, nyongeza kwa watoto wanaohudhuria shule na kliniki, na ajira za muda katika miradi ya kijiji.

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, ilirahisisha kazi hii: pesa ilitumwa moja kwa moja kwa mwenye simu, naye akaitoa kwa wakala wa karibu.

Ushahidi wa Rarieda

Kati ya mwaka 2011 na 2013, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za Rarieda, Siaya, zilizopewa fedha na GiveDirectly bila masharti. Kigezo kilikuwa nyumba ya kuezekwa kwa nyasi. Kaya zilizopewa kidogo zilipata shilingi 25,200 za Kenya, na zilizopewa zaidi shilingi 95,200. Wapokeaji walichaguliwa kwa bahati nasibu, ili walinganishwe kwa haki na wasiopata. Katika baadhi ya kaya alipewa mke, katika nyingine mume.

Matumizi ya kaya zilizopata yalipanda kwa takriban moja ya tano, chakula kikiwa mbele. Mifugo iliongezeka. Wengi waliezeka mabati, hatua inayomwondolea mwenye nyumba gharama ya kutafuta nyasi na kuziba paa kila mara. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda, na hivyo dhana kwamba maskini akishika pesa huinywa haikupata ushahidi. Wapokeaji walisema wana furaha zaidi na wameridhika zaidi na maisha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba wanawake walipigwa mara chache zaidi nyumbani, iwe pesa ilimfikia mume au mke.

Kazi, shamba na uhai wa watoto

Nchini Zambia, ambako ruzuku kwa kaya zenye watoto wadogo ilianza mwaka 2010, familia zilipunguza vibarua vya mashambani, zikapanua mashamba yao na kununua mbegu na mbolea zaidi. Hapa ruzuku hutenda kazi kama mtaji: mkulima hurudi shambani kwake katika majuma ambayo palizi haiwezi kungoja.

Matokeo mazito zaidi yametoka Siaya. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu katika kaya zilizopata takriban dola 1,000. Akina mama wengi zaidi walijifungulia hospitalini, na walipunguza kazi ngumu katika miezi ya mwisho ya ujauzito na ya kwanza baada ya kujifungua. Hakuna hoja ya bajeti inayostahili kuwekwa mbele ya matokeo hayo.

Faida kwa majirani

Dola hizo 1,000 zilitolewa kwa kila moja ya kaya zaidi ya 10,000 katika eneo la vijiji 653. Wachumi waliogopa kwamba pesa nyingi kijijini zingepandisha bei. Bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Pesa ilizunguka kwa fundi wa mabati, mwenye duka, mwenye kinu cha posho na kibarua, na kila dola moja ikazaa takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo. Hata kaya ambazo hazikupewa chochote zilipata kipato zaidi.

Mkupuo au kila mwezi

Rarieda ilionyesha tofauti: waliopata kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu, na waliopata kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Jaribio jingine katika kaunti za Siaya na Bomet liliwaahidi watu wazima shilingi 2,250 kwa mwezi, baadhi yao kwa miaka 12. Waliohakikishiwa miaka hiyo mingi mara nyingi waliingia kwenye vyama vya kupokezana pesa ili wapate mkupuo wao wenyewe.

Mipaka

Fedha haimalizi kila tatizo. Rarieda haikuonyesha mabadiliko makubwa katika elimu. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliopewa mitaji kuanzia mwaka 2008 waliwapita wenzao kwa kipato baada ya miaka minne, lakini baada ya miaka tisa pengo lilikuwa limefungika. Uaminifu nao huhitaji kujengwa: katika kaunti ya Homa Bay, Kenya, karibu nusu ya waliofikiwa walikataa pesa kwa hofu ya mtego wa kishirikina. Usimamizi pia una udhaifu. Mwaka 2023 GiveDirectly lilitangaza kwamba takriban dola 900,000 ziliibwa katika mpango wake wa Kivu Kusini, nchini Kongo, wafanyakazi wake wenyewe wakihusika.

Tena, huko Siaya, watoto walinusurika zaidi pale ambapo kituo chenye daktari kilikuwa karibu. Pesa humfikisha mama mlangoni, na mhudumu lazima awepo ndani. Serikali inayotoa ruzuku inapaswa kuilipa kabla ya msimu wa kupanda na palizi, na kuendelea kujenga zahanati, barabara na visima, kwa kuwa mkulima hawezi kununua huduma ambayo haipo.