Dooky Chase: Mgahawa Uliolelewa na Mama Leah

Mgahawa wa Dooky Chase ulifunguliwa mwaka 1941 mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani. Waanzilishi walikuwa mtu na mkewe: Edgar Chase, ambaye watu walimwita Dooky, na Emily. Mwanzoni palikuwa mahali padogo tu katika mtaa wa Tremé, makao ya Weusi kwa vizazi vingi, pakiuzwa mikate iliyojazwa nyama au samaki na tiketi za bahati nasibu. Mtaani hapakuwa na benki iliyomilikiwa na Weusi, hivyo wafanyakazi waliolipwa kwa hundi walikwenda kwa Dooky kuchukua fedha taslimu, wakala, wakazungumza. Kabla haujawa maarufu kwa vyakula vyake, mgahawa huo ulikuwa tayari mahali pa kuaminiana.

Aliyeufanya ujulikane duniani ni mkwe wao, Leah Chase, aliyefariki dunia Juni 1, 2019, akiwa na umri wa miaka 96.

Mama Leah alizaliwa Januari 6, 1923, akakulia Madisonville, mji mdogo ng'ambo ya ziwa la Pontchartrain, katika nyumba yenye watoto wengi. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha meli, na familia ililima mboga zake yenyewe. Madisonville haikuwa na sekondari ya Kikatoliki iliyopokea watoto Weusi, kwa hiyo wazazi wakampeleka New Orleans kwa shangazi yake akasome. Alipomaliza shule alipata kazi ya kuhudumia wateja katika mgahawa wa Weupe, katika ile sehemu kongwe ya mji iitwayo French Quarter. Humo aliona meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, uma na visu vimepangwa, mgeni akipokewa kwa adabu. Watu wa rangi yake waliruhusiwa kubeba sahani humo, si kuketi.

Mwaka 1946 aliolewa na Edgar Chase mdogo, mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi. Walijaliwa watoto wanne. Wanawe walipoanza shule, naye akaanza kwenda kusaidia katika biashara ya wakwe zake. Azma yake ilikuwa moja: mtu Mweusi wa New Orleans naye aketi mezani, atandikiwe kitambaa cheupe, ahudumiwe kwa heshima. Alijaribu hata kupika kambakoche kwa krimu kama alivyoona kwa Weupe, lakini wateja wakakataa katakata. Akarudi kwenye chakula cha Kikrioli alichokulia, akakipika kwa ustadi ambao hakuna aliyeupinga: kuku wa kukaanga, maharage mekundu kwa wali, na gumbo, mchuzi mzito wenye kaa, kamba na soseji.

Miaka ya 1950 na 1960, sheria za ubaguzi za Louisiana zilikataza Weusi na Weupe kula pamoja. Kwenye chumba cha juu cha Dooky Chase walikula pamoja. Wanasheria waliopigania haki za kiraia, akina A. P. Tureaud na Thurgood Marshall, walikula hapo. Martin Luther King alifika. Mwaka 1961, vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi, Freedom Riders, walikaribishwa humo wakala na kupanga safari zao. Mgahawa ulipendwa mno na watu kiasi kwamba mamlaka zilisita kuuvamia. Mama Leah hakuwa mhutubu wa majukwaani. Alichotoa ni chakula, chumba na mlango usiofungwa, na vyote vitatu vingeweza kumponza.

Kila Alhamisi Kuu alipika gumbo ya majani. Aina za majani kwa kawaida zilikuwa tisa, maana idadi shufwa ilihesabiwa kuwa na mkosi. Humo mlikuwamo sukuma wiki, haradali, kabichi, spinachi, majani ya karoti na ya bitiruti. Yote yalichemshwa hadi yakalegea, yakasagwa, kisha yakarudi sufuriani pamoja na nyama na soseji za aina mbalimbali, kwa kuwa kesho yake ni Ijumaa Kuu na nyama hailiwi. Watu waliwahi nafasi zao mapema, familia nzima nzima.

Mwaka 1990 alifiwa na bintiye mkubwa, aliyekuwa mkono wake wa kulia katika mgahawa. Aliendelea kupika. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikaja, kingo za mifereji zikapasuka, na maji yakaingia mgahawani. Picha za wasanii Weusi alizozikusanya kwa miaka mingi na kuzitundika ukutani ziliokolewa na mjukuu wake. Akiwa na miaka zaidi ya 80, Mama Leah na mumewe waliishi kwenye trela mkabala na mgahawa wao wakisubiri ukarabati. Alhamisi Kuu ya 2006, wenye migahawa wenzake walipika gumbo yake ya majani wakamchangia dola 40,000. Mwaka 2007 milango ikafunguliwa tena.

Heshima zilimfuata. Barack Obama alikula hapo mwaka 2008, akatia pilipili kwenye gumbo kabla ya kuionja, na Mama Leah akamkanya kama bibi anavyomkanya mjukuu. Binti mfalme Tiana wa filamu ya Disney ya 2009 alibuniwa kwa kumtazama yeye. Mwaka 2016 Taasisi ya James Beard, inayotuza wapishi wa Marekani, ilimtunukia tuzo ya mchango wa maisha yote, na koti lake jekundu la upishi limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington. Hata alipopita miaka 90 aliendelea kuingia jikoni.

Alipofariki, mgahawa haukufungwa, kwa sababu kazi ilikwisha kurithishwa angali hai. Wanawe walikuwa katika uendeshaji, na mjukuu wake, Edgar Chase wa nne, aliyekaa jikoni pamoja na bibi yake, ndiye mpishi mkuu. Biashara nyingi za mama zetu hufa na wenyewe, si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuzishika. Basi mwenye mama au bibi anayeendesha genge, duka au mgahawa, aende leo akafunge aproni, akajifunze.