Mfuniko Juu ya Udongo: Historia ya Kupima Pumzi ya Ardhi

Masika yakikolea, udongo wa Talatala na tambarare yote ya Kyela hushiba maji hadi mguu unadidimia. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kishindo kutoka milima ya Rungwe, ikilitafuta Ziwa Nyasa. Wakulima wa mpunga hushukuru. Chini ya nyayo zao, wakati huohuo, kuna mlango uliofungwa na maji. Kiangazi kikirudi na ardhi ikaanza kupasuka, mlango hufunguka, na gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha hupanda kuja kwetu. Gesi hiyo ni radoni.

Karibu kila udongo duniani una chembe za urani. Urani huzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni. Lakini radoni haina umri mrefu: kila baada ya siku 3.8, nusu ya atomu zake huwa zimeoza. Ikichelewa njiani, hufia ardhini bila kumgusa mtu. Ndiyo maana kujua wingi wa radiamu kwenye udongo hakutoshi. Lazima tujue gesi inatoka kwa kasi gani, na swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Kutoka pango hadi udongoni

Mwaka 1900, Mjerumani Friedrich Ernst Dorn aligundua kwamba radiamu hutoa gesi yenye mionzi. Mwaka mmoja kabla yake, Ernest Rutherford na Robert Owens walikuwa wameona jambo kama hilo kwenye thoriamu, huko Montreal. Kisha walimu wawili wa sekondari wa mji wa Wolfenbüttel, Julius Elster na Hans Geitel, wakakuta mionzi katika hewa ya mapango na vyumba vya chini, wakaifuatilia hadi kwenye hewa inayovutwa kutoka udongoni. Miaka hiyohiyo, Wajerumani wenzao walikuwa wakiitawala sehemu yetu hii kutoka boma la Neu Langenburg, Tukuyu ya leo.

Mwaka 1911, huko Dublin, John Joly na Louis Smyth walichapisha vipimo vya gesi iliyomo udongoni na namna inavyotorokea hewani. Hapo sayansi ya kupima kasi ilianza kusimama.

Njia iliyokuja kuenea duniani ataielewa haraka yeyote anayepika wali wa Kyela. Ukifunika sufuria, mvuke hukusanyika chini ya mfuniko. Mtaalamu naye hufunika kipande cha ardhi kwa chombo cha chuma, hukandika ukingo ili hewa isipenye, kisha hupima jinsi gesi inavyoongezeka ndani saa baada ya saa. Akijua eneo lililofunikwa na muda uliopita, anapata kasi. Ila lazima awahi: chombo kikikaa mno, gesi iliyojaa huanza kurudi udongoni, na kipimo kinadanganya. Tofali au kipande cha saruji nacho hupimwa vivyo hivyo, kikiwa kimefungiwa ndani ya chombo.

Mkaa nao una nafasi yake. Mwaka 1906 Rutherford alionyesha kwamba mkaa wa vifuu vya nazi huinasa gesi hii. Miaka sabini baadaye, mikebe ya mkaa ilikuwa ikilazwa juu ya ardhi kuikusanya radoni, kisha ikihesabiwa maabara.

Mwaka 1972, Marvin Wilkening na wenzake wa New Mexico walilinganisha vipimo vya sehemu mbalimbali za dunia. Wastani wao ulikuwa takriban atomu 7,500 zinazotoka katika kila mita ya mraba ya nchi kavu, kila sekunde. Mwaka 1983 Marekani iliiingiza kasi hiyo katika kanuni zake, ikaweka kikomo cha kasi ya radoni kutoka kwenye vifusi vya viwanda vya urani.

Kwa nini hapa kwetu

Kwetu habari hizi haziko mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, mgodi wa urani wa Kayelekera ulianza kazi mwaka 2009. Kaskazini yetu kuna Mlima Kiejo, uliotiririsha lava takriban mwaka 1800. Miguuni pake ardhi ina nyufa, maji moto hububujika Kilambo, na kaboni dayoksaidi huvunwa kutoka chini ya ardhi. Gesi hiyo ikipanda kwa nguvu huweza kuibeba radoni na kuifikisha juu kabla haijaoza.

Kenya waliitumia tabia hiyo kama mpelelezi. Huko Olkaria na Menengai, wataalamu wa jotoardhi walichoma ardhi kwa mtaimbo, wakavuta hewa ya udongoni na kuisoma dakika baada ya dakika. Usomaji ukishuka haraka, ni thoroni, gesi itokanayo na thoriamu, ambayo nusu yake huoza ndani ya sekunde 56. Ukikaa, ni radoni, na radoni nyingi huashiria ufa unaopitisha gesi.

Maji nayo yana mambo mawili. Unyevu kidogo huongeza radoni, kwa sababu huidaka atomu inaporuka kutoka kwenye punje ya udongo na kuizuia isijichimbie katika punje ya jirani. Maji yakijaa, hufunga njia. Kwa hiyo kipimo kimoja cha Aprili hakiwezi kuisemea Kyela ya Oktoba.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza radoni ndani ya nyumba isizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo, kwa kuwa husababisha saratani ya mapafu. Nyumba za mianzi za Wanyakyusa zilipitisha upepo. Leo tunajenga kwa matofali na kufunga vioo, na ni maendeleo ya haki kabisa. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo, na sheria ya mionzi tunayo tangu 1983. Basi udongo wetu ufunikwe kwa chombo masika, ufunikwe tena kiangazi, na aliyejenga Talatala aambiwe sakafu yake imekalia nini. Wakati akisubiri majibu, afungue madirisha.