Nani anashika funguo? Historia fupi ya biashara ya kupangisha tovuti, na funzo lake kwetu Nyunzu



Katika mukutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akauliza: "Majina yetu iko wapi?" Hakuna aliyemujibu haraka. Alikuwa anauliza juu ya ukurasa wetu wa intaneti, ule uliokuwa na picha za mashamba, ripoti za likelemba, na sehemu ya kufungwa yenye orodha ya familia zilizorudi. Ukurasa ule tulifunguliwa na mradi fulani. Mradi ulipoisha, ada ya mwaka haikulipwa, na neno la siri hatukuwa nalo. Siku moja tuliufungua tukakuta patupu. Tumebaki na madaftari mawili, na moja limelowa mvua.

Sasa vijana watatu wa chama wanaomba mukopo ili waanze kazi ya kupangisha tovuti kwa shule, parokia na vyama vya wakulima, kutoka hapa mpaka Kalemie. Wazee wengine wanasema mashini hailiwi, heri feza iende kwa mbegu. Siye tunaotembea vijijini tunaelewa pande zote mbili. Kabla ya kupiga kura, tuone kwanza wengine walianza namna gani.

Kwanza, kupangisha tovuti ni nini? Ni sawa na kupangisha vyumba. Tovuti inahitaji kukaa ndani ya mashini isiyozimwa usiku wala mchana, iliyounganishwa na intaneti kila saa. Mashini hiyo inaitwa seva. Mwenye seva anaigawa vyumba vingi, kila mteja analipa chumba chake. Na si lazima uwe na nyumba yako: vijana wengi duniani walianza kwa kukodi nafasi kubwa kwa bei ya jumla, kisha wakaigawa na kuwapangisha wengine kwa rejareja. Faida inatoka kwa kuhudumia watu: kupokea simu, kutengeneza kilichoharibika, kukumbusha ada kabla ya siku kufika.

Historia iliyo karibu nasi ni ya Africa Online. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wakenya waliokuwa wanasoma huko Boston, Marekani, walikuwa na njaa ya habari za nyumbani. Wakatumia kompyuta za chuo kupelekeana habari. Kati yao walikuwa Ayisi Makatiani na Karanja Gakio, wote wa chuo cha MIT, pamoja na Amolo Ng'weno. Mwaka 1994 hao watatu wakafanya ile kazi ya kirafiki kuwa kampuni. Kisha wakaileta Nairobi, wakauza intaneti, barua pepe na kurasa za tovuti kwa watu ambao wengi walikuwa hawajasikia hata neno lenyewe. Baadaye walifika Tanzania, Uganda, Ghana, Côte d'Ivoire na Zimbabwe.

Tuangalie mwanzo wao. Walianza na watu wanaowajua, wenye haja wanayoijua. Mashini na feza vilifuata. Ndugu zetu waliokaa Nyarugusu kule Kigoma, au Mwange na Kala kule Zambia, wanaijua haja ile bila kufundishwa: nani amefariki, nani amezaa, barabara iko wazi ama hapana. Mtu aliye mbali na kwao ananunua habari kabla ya kununua soda.

Lakini biashara hii inahitaji njia, na njia ina mwenyewe. Nairobi ya wakati ule, posta na simu zote zilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, KPTC. Hata makampuni ya intaneti yalipokuwa mengi, barua kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda satelaiti, ikafika Ulaya ama Marekani, ndipo ikarudi. Kila safari ilihesabiwa kwa dola. Mwezi wa Novemba 2000 makampuni hayo yaliungana yakafungua kituo chao cha kubadilishana, KIXP, ili habari za Kenya zibaki Kenya. Telkom Kenya ililalamika, na mwezi uliofuata kituo kikafungwa na wasimamizi wa mawasiliano. Walibishana mpaka kikafunguliwa tena mwaka 2002. Washindani waliopigania wateja mchana ndio waliokaa meza moja kutetea njia. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, na ile safari ya satelaiti ikaanza kupungua.

Siye wa Nyunzu tunajua maana ya njia. Reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915, na mpaka leo mahindi yetu yanasikiliza kama treni itapita ama haitapita.

Kuna jambo jingine katika historia ya Africa Online. Waanzilishi hawakuweza kukua kwa feza zao peke yao, wakauza kwa wenye mitaji wa Marekani huku wakiendelea kuiendesha. Mwaka 1998 ikanunuliwa na African Lakes, kampuni ya Scotland. Jina hilo si geni upande wetu: ni kampuni ileile ambayo miaka ya 1880 ilikuwa inasafirisha mizigo kutoka ziwa Nyasa kuelekea ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 2007 Africa Online ikaenda kwa Telkom ya Afrika Kusini. Hatusemi walikosea. Walifungua mlango ambao wengi walipita. Ila anayeleta mtaji mkubwa ndiye anayeshika funguo mwishoni.

Na hapa kwetu Kongo? Zamani anwani za tovuti za nchi ziliishia kwa .zr, kwa sababu ya Zaïre. Mwaka 1997 nchi ikabadilisha jina, ikapewa .cd, na mwaka 2001 ile .zr ikafutwa kabisa. Kwa hiyo anwani nayo inaweza kupotea chini ya miguu, kama kijiji kinachohama. Asiyefuatilia jina lake anaamka akiwa hana. Njo kile kilichotupata siye, kwa njia yetu ndogo.

Basi maoni yetu ni haya. Tunaunga mkono mukopo, kwa masharti. Vijana wasinunue seva ya kuweka Nyunzu: umeme wetu ni wa jua na wa jenereta, na seva haivumilii mawingu. Wakodi nafasi mahali penye umeme na nyaya za kuaminika, kazi yao iwe kuwahudumia wateja wa hapa, kwa Kiswahili, na malipo yanayolingana na msimu wa mavuno. Waanze na wateja wachache wanaoweza kuwatembelea kwa pikipiki. Jina la tovuti ya chama liandikishwe kwa jina la chama, si la mradi wala la kijana mmoja. Neno la siri liwe kwa watu watatu, na mmoja wao awe mama wa kamati. Ada ya mwaka itengwe katika sanduku mwezi wa kwanza, kabla ya matumizi mengine. Na nakala ya kila kitu ihifadhiwe pembeni, hata kwenye karatasi, mahali pasipovuja.

Kwa wafadhili tunaomba jambo moja: mnapotufungulia kitu, tukabidhini funguo siku ileile, si siku ya kuaga.

Kwa wazee wetu: tunajua mbegu ni mbegu. Lakini watu wa Nyunzu tumekimbia zaidi ya mara moja, na kila mara tuliporudi tuliulizwa tuthibitishe sisi ni nani na shamba lilikuwa la nani. Orodha ile ilikuwa na majibu. Yule mama hakuuliza juu ya kompyuta. Aliuliza majina yako wapi, na katika mukutano ujao anapaswa kupata jibu.