Samaki wa Birika: Wanawake, Tohara na Kipimo cha Maji



Makala hii imetokana na swali la bibi harusi aliyeolewa kisiwani mwaka huu. Mumewe ana tangi la samaki ukumbini, la lita sitini hivi, na kila wiki humwaga ndoo moja na kutia maji mapya. Bibi harusi kakulia Misima, kule Handeni, ambako ndoo ya maji haimwagwi ovyo. Anauliza: maji yanayopita kwenye chujio usiku na mchana, na kwa macho ni maangavu kuliko ya bomba, kwa nini asitie udhu? Na kama yanafaa kwa udhu, kwa nini yasinywewe?

Ni maswali mawili, na kwa karne nyingi watu wengi waliyajibu kwa kipimo kimoja. Ndiyo maana nimeona tuanze nyuma kidogo.

Samaki ndani ya nyumba si jambo la kigeni pwani yetu. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, choo na sehemu ya kuogea ilikuwa na birika lililojengwa kwa chokaa, na humo walifugwa visamaki vidogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika palijengewa bakuli la Kichina. Maji yakipungua, au birika likisafishwa, samaki walikimbilia kwenye lile bakuli wakabaki hai mpaka maji mapya yaje. Wageni hulitazama bakuli lile wakasema pambo. Pambo lilikuwamo, lakini aliyelipanga alikuwa amefikiria siku ya kusafisha birika.

Maji ya birika yalikuwa ya kuogea na kutawadhia. Ya kunywa yalikaa kwenye mtungi, mbali, na mara nyingi mtungi ulifukizwa ubani au udi ili maji yanukie. Bibi zetu walitenga birika na mtungi bila ya kuandikiwa kitabu. Kufukiza, kwa maoni yangu, kulikuwa na kasoro moja: harufu nzuri huificha harufu mbaya, na harufu ni shahidi.

Tena ni shahidi wa kisheria. Sote tumefundishwa chuoni sifa tatu za maji: rangi, ladha na harufu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, huangaliwa pia wingi. Maji yakifika kula mbili, ambazo wanavyuoni hukadiria kuwa ni chombo chenye dhiraa moja na robo kila upande, karibu lita 190 hadi 216, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa hizo ibadilike. Yakiwa chini ya hapo hunajisika kwa kuguswa tu na najisi, hata kama hakuna kilichobadilika, isipokuwa kwa yale yaliyosamehewa.

Sasa tangi la lita sitini liko chini ya kula mbili. Lakini samaki si najisi, hai wala maiti. Kinyesi chake, hata kwa wale wanaokihesabu kuwa ni najisi, kimetajwa katika vitabu vya Kishafi kuwa husamehewa maadamu hakijayabadilisha maji. Ukijani wa mwani na kukaa sana hakuyaondoshei maji utohara wake. Kwa hiyo maji ya tangi ambayo hayajabadilika rangi, ladha wala harufu yana nafasi ya kutumiwa kwa udhu. Yakishaanza kunuka vumba au kugeuka rangi kwa uchafu na mabaki ya chakula, hapo mambo ni mengine. Mwenye shaka amuulize sheikh wake na amwambie ukubwa wa tangi, maana jibu linategemea hilo.

Swali la kunywa, hata hivyo, halijibiwi na sifa tatu, na jambo hili watu walilijua kwa msiba.

Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka nchi za Wamasai pamoja na misafara, kikafika bandari ya Pangani na kuvuka hadi Unguja. Njia hiyo ya kuja Pangani ndiyo upande wa nchi ya Wazigua, majirani zake bibi harusi wetu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo msafara kwa msafara na kuchapisha kitabu chake London mwaka 1876. Maelfu walikufa kisiwani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, baadaye akavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini, na watu wengi wakaachana na visima vya mitaani vilivyochimbwa karibu na vyoo.

Visima hivyo havikuwa lazima vinuke. London, mwaka 1854, bomba la mtaa wa Broad lilisifiwa kwa maji yenye ladha nzuri. Mama mmoja mjane aliyehamia Hampstead aliyapenda sana hivi kwamba watoto wake walikuwa wakimpelekea chupa kila siku. Kipindupindu kilimuua, wakati mtaani kwake alikohamia hakukuwa na ugonjwa. Daktari John Snow alikitumia kisa hicho kama ushahidi kwamba ugonjwa umo ndani ya maji. Ladha ndiyo iliyompeleka mama yule kwenye chupa.

Kisa kilichoonyesha nguvu ya chujio ni cha Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892. Hamburg ilichota maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila ya kuyachuja. Altona, mji uliopakana nayo nyumba kwa nyumba, ilichota mto huohuo tena chini zaidi, baada ya taka za Hamburg kuingia, lakini iliyapitisha maji polepole kwenye matabaka ya mchanga. Hamburg walikufa zaidi ya watu 8,000. Altona waliugua wachache tu, na kwenye mitaa ya mpakani upande mmoja wa barabara watu walikufa na upande wa pili wakabaki wazima.

Siri ya mchanga ule haikuwa mchanga wenyewe. Juu yake hujengeka utando wa utelezi wenye viumbe hai vidogo ambao hukamata na kula vijidudu vingine. Robert Koch akapendekeza kipimo: maji yakitoka kwenye chujio yapandikizwe, na vijidudu vitakavyoota visizidi 100 katika mililita moja. Kuanzia hapo chujio halikusadikiwa kwa mng'aro wa maji yake. Lilihesabiwa.

Tangi la samaki nalo lina historia yake, na mwanzo wake ni fundi wa nguo za harusi. Jeanne Villepreux, mzaliwa wa Ufaransa mwaka 1794, alikwenda Paris akiwa kijana akawa mdarizi, na mwaka 1816 alidarizi gauni la arusi la binti wa kifalme. Akaolewa na mfanyabiashara wa Kiingereza, James Power, akahamia Sicily, na huko mwaka 1832 akatengeneza matangi ya kioo ili achunguze viumbe wa baharini wakiwa hai. Wengi humtaja kuwa ndiye mwanzilishi wa tangi la samaki la kisasa. Mafundi wa bokoni wa Unguja wataelewa kwa nini mkono wa sindano uliweza subira ya kazi ile.

Tatizo la tangi likawa hili: maji yanang'aa, na samaki wanakufa. Mkojo na kinyesi chao hutoa amonia, ambayo haina rangi. Mwaka 1856 Mjerumani Julius Nessler alipata dawa inayogeuka manjano mpaka kahawia ikikutana na amonia, na kutoka kwenye mbinu za namna hiyo vikaja vichupa vya matone na kadi ya rangi vinavyouzwa leo kwenye maduka ya samaki. Karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akaonyesha kwamba kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili zaidi. Hao ndio wanaokaa kwenye sponji ya chujio la ukumbini. Kwa hiyo sponji isisuguliwe kwa sabuni wala isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini; isuuzwe kwa ndoo ya maji yaleyale ya tangi. Mwenye tangi hupima amonia na nitriti, zote ziwe sifuri, na nitrati isipande sana.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini vizuri, ambayo wewe unakunywa bila ya wasiwasi, yanaweza kumuua samaki. Na maji ambamo samaki ananawiri, amonia sifuri na nitriti sifuri, yanaweza kuwa na vijidudu vya tumbo tele, kwa sababu chujio la tangi halikutengenezwa kuviua. Maji ya kunywa hupimwa kwa kutafuta bakteria wa kinyesi, na kiwango ni kutoonekana hata mmoja katika mililita 100. Wauzaji wa machujio hupenda kuja na kalamu yenye namba na kuitumbukiza kwenye gilasi mbele ya bibi harusi. Kalamu ile hupima chumvi zilizoyeyuka tu. Kipindupindu haikioni.

Basi jibu la swali la pili ni hapana. Maji ya tangi yasinywewe. Yamwagiwe maua, nitrati ni mbolea, na mrehani utayapenda.

Lakini Misima tusiiache hapo, kwa sababu huko swali la maji si la ukumbini. Handeni ni nchi kavu, na mizigo ya maji kwa miaka mingi imekaa kichwani mwa wanawake na wasichana, kutoka malambo na vidimbwi. Miaka ya 1970, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, likajengwa bomba kuu la Handeni, maarufu kwa jina la HTM, likichota mto Pangani upande wa Korogwe. Uhaba haukwisha, na Handeni na Korogwe zimo katika mradi wa maji wa miji 28 wa mkopo kutoka India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022.

Mto huo una perege aliyepewa jina la Korogwe katika sayansi, Oreochromis korogwe. Aliyempa jina mwaka 1955 ni mwanamke, Rosemary Lowe, mtafiti wa samaki aliyekuwa Jinja, Uganda. Alipoolewa mwaka 1953 ilimbidi aache kazi, kwa sababu sheria ya utumishi wa kikoloni haikuruhusu mwanamke mwenye mume. Aliendelea na utafiti bila ya mshahara huo. Perege wake wanaishi raha mstarehe kwenye maji ya udongo ambayo hakuna mtaalamu angeyapeleka nyumbani kwako kabla ya kuyatibu.

Kwa maji ya lambo wanawake wa Afrika Mashariki wametumia shabu, ileile tunayoijua kwenye masanduku ya bibi harusi, na Sudan walitumia mbegu za mlonge kutuliza tope la mto Nile. Samia Al Azharia Jahn, aliyefanya utafiti wake Khartoum, aliichukua desturi hiyo ya wanawake maabara katika miaka ya 1970 na 1980 na kueleza namna inavyofanya kazi: unga wa mbegu zilizomenywa hunasa chembe za udongo, zikashuka chini pamoja na sehemu kubwa ya bakteria. Mlonge humea vizuri mkoani Tanga. Ila bakteria waliobaki huzaana tena maji yakikaa, kwa hiyo yakishatulia yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote barabara kwa dakika moja angalau, kisha yatiwe kwenye mtungi wenye kifuniko na kata yake peke yake.