Mafuta yakiadimika, nani huumia zaidi vijijini Katavi?

Petroli ikiadimika Dar es Salaam, watu hupanga foleni sheli. Ikiadimika huku Litapunga, kata ya Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi, bodaboda zinapaki, na mgonjwa asiye na namna anabaki nyumbani.

Kwa nini mafuta huadimika?

Tanzania huagiza mafuta kutoka nje kwa pamoja, kupitia Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja (PBPA). Meli hushusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kutoka Dar hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000, hivyo nauli ya lori huingia kwenye kila lita.

Agosti 2011, EWURA iliposhusha bei, baadhi ya kampuni ziligoma kuuza na nchi ikakwama. Mwaka 2023 tatizo lilikuwa uhaba wa dola za kuagizia. EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa kuficha mafuta yakisubiri bei mpya. Septemba mwaka huo, bei kikomo ya petroli Dar ilifika Sh3,213 kwa lita, na dizeli Sh3,259.

Wanaoumia kwanza

*Wajawazito.* Vijijini bodaboda ndiyo gari la wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha Katavi inaongoza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Uzazi wa umri huo una hatari zaidi, na kuchelewa saa chache kunaweza kuua.

*Wagonjwa wa kliniki.* Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu au kisukari hapaswi kuruka dozi. Nauli ikipanda mara mbili, wengi huahirisha kwenda kuchukua dawa.

*Wazee na wenye ulemavu.* Kijana anaweza kutembea. Wao hawawezi.

*Kaya za kipato kidogo.* Mashine nyingi za kusaga vijijini hutumia dizeli. Ikipanda, bei ya kusaga debe nayo hupanda.

*Mkulima.* Uhaba wa 2023 ulikuja wakati wa kuuza mahindi. Hapo mkulima hupigwa pande mbili: mnunuzi hukata gharama ya lori kwenye bei ya gunia, halafu sabuni, chumvi na mbolea hupanda dukani.

Umeme nao ulikuwamo. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na jenereta za dizeli za TANESCO, hivyo mafuta yalipochelewa, hata taa na majokofu yalikuwa hatarini.

Mafuta ya chupa

Sheli zikikauka, petroli ya chupa na madumu hushamiri. Bei haina kikomo na mara nyingine huchanganywa. Hatari kubwa ni moto: mvuke wake hushika hata kwa cheche ya jiko lililo mbali kidogo. Usiweke dumu ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Ufanye nini?

- Dharura ya mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga: piga 115, ni bure. Huu ni mfumo wa M-mama. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii anayelipwa na mfumo, si na familia.
- Mama aliyekaribia kujifungua asisubiri uchungu. Asogee mapema karibu na kituo cha afya.
- Mgonjwa wa dawa za kudumu: muulize mhudumu kama unaweza kupewa za miezi kadhaa.
- Angalia bei kikomo ya wilaya yako kwa *152*00#. EWURA huitoa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Ukiuziwa zaidi, dai risiti na utoe taarifa.

Kijijini, uhaba ukitangazwa, swali la kwanza liwe: nani hapa ana mjamzito au mgonjwa? Lita chache zilizobaki zitengwe kwa ajili yao.